Sungura Alitoka Kwetu, Risiti Tukapoteza

Kila mwisho wa mwezi ni story ile ile. Orodha zinatoka: albamu kumi bora za mwezi, hii imepewa nane juu ya kumi, ile nyota nne na nusu. Tunabishana usiku mzima mpaka bando inaisha. Halafu najiuliza, kwani sisi watu wa Migori na Homa Bay tuko wapi kwenye hizi orodha? Ohangla mpya zinatoka, rhumba zinatoka, benga bado iko. Ukienda matanga wikendi unarudi na ngoma tatu kichwani. Lakini ni nani anakaa chini aandike, "Mwezi huu imetoka hii, na ni kali kwa sababu hii na hii"?

Msimamo wangu nauweka hapa mapema. Shida yetu haijawahi kuwa muziki mbaya. Shida ni kwamba tunasifu kwa mdomo, na mdomo haubaki na tarehe. Na si ati ni mambo ya juzi. Tushapoteza vitu vikubwa kwa njia hiyo, na kimoja kina jina la mnyama. Twende polepole.

Kwanza, ukisikia mzee anasema "rekodi mpya" ya miaka ya 1970, usifikirie albamu yenye nyimbo kumi na mbili. Huku Nyanza kitu kilichouzwa sana kilikuwa santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika tatu na kitu hivi. Wimbo ukiwa mrefu unakatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili unageuza. Hiyo ndiyo ilikuwa "albamu ya mwezi" ya wazee wetu.

Na muziki uliokuwa ndani ni benga. Sikiza gita linaloongoza, usikie linavyodonoa nota moja moja haraka, linajibizana na sauti. Hiyo ni tabia ya nyatiti, ala yetu ya nyuzi nane, ambayo mpigaji anaichapa pia kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu. Miaka ya 1950 na 1960 vijana walishika magita. Walikuwa wamesikia mitindo ya Kongo, ile ya kina Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo. Lakini vidole vyao vilikumbuka nyatiti. Ongeza besi nzito inayotembea mbele bila aibu, na mwisho wa wimbo mahali waimbaji wananyamaza gita lichukue kila kitu. Hapo ndipo watu walikuwa wanaamka kwenye viti.

Sasa, nani alikuwa anatoa nyota? Hakuna gazeti lililokuwa linapanga benga bora za mwezi. Mkaguzi alikuwa mteja. Santuri inapigwa kwenye baa. Watu wakiitisha irudiwe, mwenye duka anaongeza oda. Wasipoitisha, imekufa hapo hapo.

Halafu kulikuwa na pakruok, na bado iko. Kwa wale hamjui: muziki unaendelea, mtu anausimamisha, anatoa pesa, anajisifu, anasifu rafiki yake, shemeji yake, kijiji chake, kisha muziki unaendelea. Mimi naona pakruok ni uhakiki kabisa. Msee hatoi pesa kusimamisha wimbo ambao haujamgusa. Ni nyota tano zinazolipwa kwa kesh. Ila kuna tofauti moja: asubuhi ikifika, hakuna aliyeandika. Hela ilihesabiwa, sifa zikaenda na upepo wa ziwa.

Tuongee biashara. Miaka hiyo ya 1970 Nairobi ndiyo ilikuwa jiji la santuri Afrika Mashariki. Bendi za Tanzania pia zilikuja kurekodi hapo, kwa sababu kwao hakukuwa na kiwanda cha kuchapa. Na kati ya watu waliopeleka muziki wa Nyanza kwenye mashine hizo, jina moja lazima ulishike: Phares Oluoch Kanindo. Mtu wa huku kwetu Nyanza Kusini, promota, baadaye akaingia siasa mpaka bungeni. Alikuwa na lebo kadhaa. Kulikuwa na POK, ambazo ni herufi za majina yake. Na kulikuwa na moja iliyoitwa Sungura. Yes, yule yule mjanja wa hadithi za utotoni.

Bendi za wakati huo zilikuwa moto. Victoria Jazz ilianzishwa 1972 na Ochieng Nelly na Collela Mazee, na ilirekodi kwa majina mengi mpaka unachanganyikiwa: Victoria Kings, Victoria B Kings, Victoria C Kings. Watu wale wale, jina limebadilishwa kidogo kwenye karatasi ya santuri. Leo ukitaka kujua ni nani hasa alipiga besi kwenye santuri fulani, pole sana. Karatasi ya katikati haikusema.

Halafu kuna D. O. Misiani wa Shirati Jazz. Huyu alizaliwa 1940 upande wa Tanzania, Shirati, hapo tu ukivuka mpaka kutoka Migori. Jina la bendi ni jina la nyumbani. Mtu wa Muhuru Bay anajua huo mpaka ni laini ya serikali tu. Shangazi yuko huku, mjomba yuko kule, lugha ni Dholuo pande zote. Misiani aliimba historia, mafumbo na siasa, mpaka nyimbo zake zikamweka ndani na kumfukuzisha nchini zaidi ya mara moja. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, na ukabaki umefungwa mpaka 1983. Lakini wimbo haukaguliwi pasipoti pale Sirari. Redio ilivuka, na santuri zilizokuwa zimeshafika kule ziliendelea kuzunguka.

Na hapa ndipo story inakuwa kubwa kuliko sisi.

Miaka hiyo hiyo ya 1970, vijana wa Zimbabwe, wakati huo ikiitwa Rhodesia, walikuwa wanapigania uhuru. Wapiganaji wa ZANLA walikuwa na kambi za mafunzo Tanzania. Vijana wako mbali na nyumbani, vita haijulikani itaisha lini, na kinachosikika kwenye redio na kwenye baa ni nini? Ni magita ya Kenya, Tanzania na Kongo. Santuri za Kanindo pia zilikuwa zinauzwa mpaka kusini huko, Zambia na Zimbabwe. Uhuru ulipofika Aprili 1980, wengine walirudi nyumbani na bunduki begani na benga masikioni.

Wazimbabwe waliuita muziki ule "kanindo". Jina la promota wetu likawa jina la mtindo! Na halafu likaja jina lililobaki hadi leo: sungura. Ndiyo, lebo ile ile. Kukawa na bendi ya Ephraim Joe iliyoitwa Sungura Boys, alikopita John Chibadura, na System Tazvida pia. Simon Chimbetu, aliyeishi Tanzania wakati wa vita, alikuwa anaimba Kiswahili kwenye baadhi ya nyimbo zake huko Harare, na watu wanacheza. Alick Macheso alipotoa albamu yake ya kwanza, Magariro, 1998, alikuwa mtoto wa familia hiyo ya muziki. Leo sungura ni moja ya miziki mikubwa kabisa ya Zimbabwe. Wao wameifanya yao, wameongeza besi na magita ya kwao, na hiyo heshima ni yao. Siji hapa kudai mtoto wa wenyewe.

Lakini uliza kijana wa shule pale Rongo, Awendo au Mbita: Kanindo ni nani? Wengi watakuambia hawamjui. Sungura je? Atakuambia ni mnyama. Nchi ya mbali imeita muziki wake kwa jina la lebo yetu, na sisi tunajua zaidi nani alitoa albamu Atlanta wiki jana.

Kwa nini ilipotea hivi? Moja, kanda. Miaka ya 1980 kaseti zilipoenea, kunakili kukawa rahisi, kila kibanda kikawa kiwanda. Lebo nyingi za santuri zikafa, na makaratasi yao yakaenda nazo. Mbili, ni sisi. Hatukuandika. Chukua Princess Jully. Mumewe, Prince Jully, alifariki 1997, naye mama akachukua uongozi wa bendi yao ya Jolly Boys na kuimba kuhusu Ukimwi katika Dunia Mbaya, wakati familia nyingi zilikuwa zinazika na kusema ni malaria au chira. Kila mtu mzima hapa anaweza kukuimbia huo wimbo. Mwambie akuonyeshe makala moja iliyoandikwa huku nyumbani mwezi ulipotoka, inayoeleza ulibeba uzito gani. Hana.

Cha kuuma ni kwamba nyota zilikuja, ila kutoka mbali na kwa kuchelewa. 1989 kampuni za Uingereza zilitoa Benga Blast! na Piny Ose Mer za Misiani. Misiani akafa kwenye ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Miaka minne baadaye, 2010, Sterns ya London ikatoa The King of History, nyimbo zake za miaka ya 1970. 2013 Soundway wakatoa Kenya Special. Wakaguzi wa Ulaya na Marekani wakaandika vizuri kabisa. Yaani kitu ambacho dani alikicheza akiwa msichana kilisubiri miaka zaidi ya thelathini kuitwa "albamu mpya". Nashukuru waliofanya hiyo kazi. Nashukuru pia Ketebul Music ya Nairobi, ambao 2008 walitoa Retracing the Benga Rhythm, kazi ya kufuatilia wazee wenyewe wakiwa bado wanaongea. Lakini ni aibu kidogo, si ndiyo?

Najua kuna mtu ataniambia, "Wewe, muziki si mtihani. Nyota za nini? Ngoma ikiwa tamu ni tamu." Nakubali nusu. Utamu hauhitaji cheti. Lakini uhakiki si nyota tu. Uhakiki ni risiti. Unasema siku hii, mahali hapa, fulani aliimba, fulani alipiga orutu, fulani aliandika maneno, na watu walipokea hivi. Siku kampuni ya mbali inakuja na pesa kutafuta familia ya mpiga besi, risiti ndiyo inaongea. Siku mtu anasema mtindo wako ni wake, risiti ndiyo inaongea. Pakruok haiwezi kwenda kortini.

Kwa hivyo mimi nimeanza. Kuanzia mwezi huu, kila ngoma ya Migori na Homa Bay inayonishika naiandika: jina, tarehe, wapiga ala wote, ilirekodiwa wapi, na kwa nini naipenda au siipendi. Ikiwa mbaya nitasema mbaya, kwa heshima. Na wewe nakuomba kitu kidogo tu. Wikendi hii ukienda nyumbani, tafuta ule mkebe au sanduku lenye santuri za zamani chini ya kitanda. Usizitupe, hata kama mashine ya kuzipiga haipo. Soma karatasi ya katikati. Piga picha pande zote mbili. Halafu kaa na mzee, muulize ni nani huyu aliyepiga gita, na mlicheza wapi.

Ukikuta imeandikwa Sungura, nipigie hata kama ni usiku.