Kanzu ya Padre, Theluji na Vumbi

Watoto wa Mkata hutuuliza katika mafundisho ya dini: Mbona Padre huvaa kanzu ndefu katika jua hili letu? Swali ni jema, wala halitoshi kujibiwa kwa kusema tu, Ndiyo desturi. Yatupasa kueleza desturi hiyo ilikotoka.

Zamani za dola ya Roma watu wenye heshima walivaa kanzu ndefu, nao mapadre walivaa kama wao. Kisha mataifa ya kaskazini yakaingia katika nchi zile na mavazi yao mafupi. Raia wakayafuata, mapadre hawakuyafuata. Mwaka 572 Mtaguso wa Braga, katika nchi iitwayo leo Ureno, uliwaagiza wavae vazi lifikalo miguuni. Na mwaka 1589 Baba Mtakatifu Sixtus wa Tano akaamuru vivyo hivyo. Basi kanzu ilipata kuwa alama ya mapadre kwa sababu wengine waliiacha.

Huko Ulaya ya kaskazini makanisa yalikuwa na baridi kali, hata makasisi wakavaa manyoya ya wanyama. Ndipo lilipotokea lile vazi jeupe, pana, wavaalo watumishi wa Altare juu ya kanzu. Jina lake kwa Kilatini ni superpelliceum, maana yake vazi la juu ya manyoya. Huko theluji yaweza kuanguka ghafula hata siku za Pasaka, watu wakidhani baridi imekwisha. Kwetu siku hizo ni masika, na upindo wa kanzu ya Padre hujaa tope. Watoto wetu hulivaa vazi hilo huku wakitokwa na jasho, wasijue kwamba baridi ndiyo iliyolizaa.

Hata katika nchi yetu theluji iko. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa Kiprotestanti, aliiona juu ya Kilimanjaro, na wataalamu wa Ulaya wakakataa kumsadiki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Na mwaka 1890 Askofu de Courmont, pamoja na Padre Le Roy na Padre Gommenginger, wakafika Kilema, chini ya mlima ule. Hivyo vazi lililotoka nchi za baridi likaiona theluji tena, karibu na Ikweta.

Lakini nchi za joto zilikwisha kuibadili kanzu: nyeusi ikawa nyeupe. Nao Mapadre Weupe, walioanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, walitwaa mavazi ya Waarabu wa nchi ile.

Hapa Handeni kanzu nyeupe ni vazi la ndugu zetu Waislamu tangu kale. Mgeni ashukaye kituoni Mkata hawezi kujua kwa kanzu tu yupi ni Padre, yupi ni mwalimu wa chuoni. Je, tuhuzunike? Hasha. Mwaka 428 Baba Mtakatifu Selestini aliwaandikia maaskofu wa Gallia, ndiyo Ufaransa ya leo, akiwaonya waliojitafutia mavazi ya pekee: tutambulikane kwa mafundisho na mwenendo, si kwa nguo. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yawaagiza makleri wavae vazi lifaalo, kwa taratibu ya maaskofu na desturi za mahali.

Basi, enyi walimu, mtoto akiuliza tena, mwelezeni habari hizi zote, za theluji na za vumbi. Kisha mwambieni amtazame Padre aendapo kwa mgonjwa usiku wa mvua, kanzu imelowa. Hapo atajua imevaliwa kwa ajili gani.