Sola nyumbani: inveta ya wati ngapi inakutosha?

Treni ya umeme ya SGR inasimama Soga tangu mwaka 2024, lakini zile nyaya za volti 25,000 zilizo juu ya reli ni za treni, si za nyumba. Kwa kaya za Kibaha na Kisarawe ambazo nguzo za TANESCO bado ziko mbali, sola inasaidia sana. Kinachowachanganya wanunuzi wengi ni inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri wa volti 12 au 24 kuwa wa volti 230, unaotumiwa na TV au friji. Tunaeleza namna ya kupata ukubwa unaokufaa kabla hujatoa fedha.

Jumlisha vinavyowaka pamoja

Soma wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa. Tuchukue mfano wa nyumba moja:

- Taa 5 za wati 7: wati 35
- TV: wati 60
- King'amuzi: wati 20
- Feni: wati 60
- Chaji za simu 3: wati 30
- Friji ndogo: wati 100

Jumla ni wati 305. Ongeza robo, ili inveta isielemewe, hasa kwenye joto la Pwani. Unapata karibu wati 380. Dukani, tafuta ya wati 500.

Usisahau mota

Friji na pampu vina mota, na mota inapoanza huvuta umeme mara 3 hadi 7 ya kawaida kwa muda mfupi sana. Friji yetu inaweza kuvuta wati 600. Ukijumlisha na wati 205 za vifaa vingine, ni 805. Inveta ya wati 500 mfululizo yenye kilele cha wati 1,000 itahimili.

Hapa ndipo wengi hupigwa. Maboksi mengine huandika kwa maandishi makubwa namba ya kilele peke yake. Muulize muuzaji: "Inatoa wati ngapi mfululizo?" Kwa vifaa vyenye mota chagua inveta ya wimbi safi, kwenye boksi huandikwa Pure Sine Wave. Aina nyingine ni rahisi kwa bei, lakini hupasha mota joto.

Kubwa zaidi si bora zaidi

Inveta haitengenezi umeme. Betri moja ya volti 12 na ampia 100 ina wati-saa 1,200, na betri za asidi hudumu usipovuka nusu, yaani wati-saa 600. Vifaa vyetu vikiwaka vyote pamoja, hazifikishi hata saa mbili. Inveta kubwa inaweza kula wati 20 hata kama hujawasha kitu. Kwa saa 24 ni wati-saa 480. Ukitaka muda mrefu zaidi, ongeza betri na paneli.

Kabla ya kufunga

Hakikisha volti za inveta ni sawa na za betri. Inveta ya wati 500 kwenye betri ya volti 12 huvuta karibu ampia 50, hivyo waya wa taa hautoshi. Utapata moto na unaweza kuunguza nyumba. Tumia waya mnene na mfupi, na weka fyuzi karibu na betri. Pasi na birika la umeme, vinavyozidi wati 1,000, viache nje ya mfumo huu.