Betri Mbili, Vigae Mia Mbili: Gemu za Mkononi Hombolo

Kuna dai linalorudiwa sana siku hizi kila watu wa rika fulani wanapokutana: kwamba Mtanzania aliyezaliwa miaka ya 1980 alikua akicheza Mario na Contra kwenye televisheni. Husemwa kwa sauti ya "sisi sote". Sisi sote tulitoa kaseti ya gemu na kuipuliza ilipogoma. Sisi sote tulichapwa kwa kuchelewa kurudi kutoka kwa jirani mwenye mashine. Sina ugomvi na kumbukumbu za mtu aliyekulia Upanga au Sinza. Ugomvi wangu ni na hiyo "sote". Ukiipeleka Hombolo, kilomita takribani 40 kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, haina pa kusimama. Nyumba nyingi za huko hazikuwa na televisheni, hazikuwa na umeme, na kaseti ya kupuliza haikuwapo.

Dai la pili limetoka upande wetu sisi tunaojiita watu wa urithi, na kwangu ndilo baya zaidi kwa sababu ni tamu. Linasema mtoto wa kijijini hakujua gemu yoyote ya betri wala umeme. Alikuwa na bao, rede, kombolela na gari la mabua, akashiba. Bao limepata watafiti wake, na linastahili. Alexander de Voogt alichapisha mwaka 1995 kitabu kizima juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar. Lakini kumpa mtoto wa Kigogo bao peke yake, na kumnyang'anya kila kitu kilichopita mikononi mwake kikiwa na betri, ni kumfanya kipande cha makumbusho angali hai.

Madai haya mawili yanapingana, ila yanafuta kitu kilekile: gemu za mkononi.

Habari ya televisheni inajulikana, niipite haraka. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara serikali iliiona ni anasa, na vituo vya kwanza, ITV kikiwa kimojawapo, vikaanza kurusha mwaka 1994. Kabla ya hapo seti ya televisheni Bara ilikuwa ya kutazamia video, kwa wachache wenye nayo. Kwa upande wa umeme, mitambo ya Mtera ilianza kuufua mwaka 1988, megawati 80, tena iko mpakani mwa Dodoma na Iringa. Lakini nyaya zake hazikukusudiwa vijiji vilivyozizunguka. Wakala wa Nishati Vijijini ulitokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi 2007. Hesabu ya mashine za kuchomeka kwenye televisheni, kwa sehemu kubwa ya uwanda wa kati, inafungwa na miaka hiyo.

Kilichofika mapema zaidi kilipita mlango mwingine. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta mali bila kuulizwa sana walikozipata. Mzee Mwinyi alipoingia madarakani mwaka uliofuata mlango ukapanuliwa. Historia za uchumi zinazungumzia mitumba, baiskeli na redio. Za vitu vya kuchezea hazizungumzi, ingawa vilikuja ndani ya makasha hayohayo hadi Kariakoo, kutoka Kariakoo hadi maduka ya Dodoma mjini, na kutoka hapo hadi turubai la mchuuzi kwenye mnada wa Msalato, baada ya mavuno, mifuko inapokuwa na kitu.

Chanzo ninachotaka kukitetea hapa hakiko katika nyaraka za taifa. Ni boksi la fundi redio. Kila fundi wa zamani wa uwanda huu analo: boksi la maganda, nyaya, spika zilizopasuka na vitu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Nililoonyeshwa Hombolo lilikuwa na maganda ya ile gemu ya mkononi ya Kichina ambayo matofali hushuka kutoka juu nawe unayapanga chini. Nyingi zimeandikwa Brick Game, na nyingine zinajitapa kwamba zina gemu 9999 ndani yake. Hazina. Ukizihesabu kwa haki ni chache tu, zilizozidishwa kwa kubadili kasi na kiwango. Mwenye kutaka kuziita za kitapeli aanzie hapo, nami sitambishia.

Lakini yatazame maganda yenyewe. Springi za mahali pa betri zimeliwa na kutu ya betri zilizovuja. Vifuniko vya nyuma havipo, na badala yake umefungwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kitufe cha kugeuza tofali kimesagika kuliko vingine vyote. Na katika baadhi ya maganda, kilichonisimamisha, nyaya mbili zimeungwa kwa risasi kwenye vyuma vya betri na kutolewa nje kupitia tundu lililochomwa kwa msumari wa moto.

Nyaya hizo ndizo hati. Gemu hii hutumia betri mbili ndogo, zile za saa ya ukutani, kila moja volti 1.5. Betri kubwa ya redio nayo ni volti 1.5, tofauti yao ni kiasi cha nguvu kilichohifadhiwa ndani, si volti. Funga betri kubwa mbili kwa kufuatana, unganisha nyaya, na gemu haitajua kuwa imehamishwa. Wala si lazima betri ziwe mpya. Redio inahitaji nguvu ya kusukuma spika, tochi inahitaji nguvu ya kuwasha balbu, ila kioo cha gemu hii hakitoi mwanga wowote na hula umeme kidogo mno. Betri iliyokwisha kwa redio bado ilikuwa na wiki nzima za kucheza ndani yake. Watoto wa nyumba isiyo na fedha ya betri mpya walicheza kwa makombo ya redio ya baba.

Na hata makombo hayo yalitunzwa. Betri zilianikwa juani, jambo ambalo watu wa mjini hulicheka kama ushamba. Si ushamba. Betri za zinki na kaboni hufanya kazi kwa mmenyuko wa kikemikali, na joto huuharakisha. Betri iliyochoka hupata nguvu ya muda ikipashwa. Uwanda wa Dodoma, wenye msimu mmoja wa mvua na jua kali miezi iliyobaki, ulikuwa na kila sababu ya kulijua hilo bila mwalimu. Betri nyingi zilikuwa za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kiwanda cha Wajapani wa Matsushita tangu miaka ya 1960. Baadaye zikaja za Tiger Head kutoka Guangzhou. Mtu akitaka kuandika historia ya burudani vijijini na asitaje kiwanda cha betri, sijui anaandika historia ya nini.

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wanaoziita gemu hizi "feki" wanapokosea.

Hoja yao ni kwamba gemu halisi ya mkononi ilikuwa Game Boy ya Nintendo, ya mwaka 1989, na kwamba sisi tulipata kivuli chake. Aliyeongoza kazi ya Game Boy ni Gunpei Yokoi, Mjapani aliyeanza kazi Nintendo akitunza mitambo. Kisa kinachosimuliwa sana juu yake ni kwamba alimwona abiria kwenye treni akiua muda kwa kubonyabonya kikokotoo, akaona mahali pa gemu. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, yenye kioo kilekile cha vikokotoo, teknolojia ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeshuka bei hadi kuonekana ya kawaida. Yokoi aliigeuza kawaida hiyo kuwa falsafa: chukua teknolojia iliyokwisha kunyauka, itumie kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Kwa falsafa hiyo aliipa Game Boy kioo kisicho na rangi wala taa. Washindani wake, Lynx ya Atari na Game Gear ya Sega, walikuwa na rangi na taa, na walimaliza betri sita kwa saa chache. Game Boy ilitumia nne na kwenda saa kumi na kitu. Pamoja na toleo lake la rangi iliuza zaidi ya milioni 118.

Sasa mpime Yokoi kwa kipimo chake mwenyewe. Gemu ya matofali ilikuwa na betri mbili badala ya nne. Uwanja wa mchezo kwenye kioo chake ulikuwa na vigae 200 vya kudumu, kumi kwa upana na ishirini kwa urefu, wala haukuweza kuchora kitu kingine. Chipu yake ilikuwa ya biti 4, baadhi zikitoka kwa kampuni ya Holtek ya Taiwani, wakati ya Game Boy ilikuwa ya biti 8. Teknolojia iliyonyauka zaidi ya hiyo utaipata wapi? Tena kioo kisicho na taa husomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyozidi. Mtoto aliyekuwa machungani saa sita mchana, mahali ambapo simu za leo hugeuka kioo cha kujitazamia, aliona kila kigae. Hakuna mhandisi aliyeibuni kwa ajili ya mchunga ndama wa Ugogoni, lakini hakuna mashine ya michezo iliyomfaa kuliko hiyo.

Kuhusu wizi, kwamba ni Tetris iliyoibwa, nakubali nusu. Alexey Pajitnov aliibuni Tetris Moscow mwaka 1984 akiwa mtumishi wa Chuo cha Sayansi cha Kisovieti. Haki zake zikashikwa na shirika la serikali, Elorg. Kampuni za Magharibi zikauziana haki ambazo nyingine hazikuwa nazo, hadi mchapishaji wa gemu Henk Rogers alipokwenda Moscow mwaka 1989 na Nintendo ikapata haki za gemu za mkononi, kisha Atari ikashindwa mahakamani kwa toleo lake la televisheni. Muda wote huo mbunifu mwenyewe hakupata mrabaha. Ulianza kumfikia mwaka 1996. Waliotengeneza gemu za matofali hawakuwa katika mikataba hiyo, na wengi wao jina la Tetris hawakuliandika. Walikosea kisheria. Lakini anayewaita wezi na kuwaacha wengine wote katika kisa hicho wakiwa waungwana amesoma nusu ya faili.

Baada ya hapo zikaja simu. Vodacom ilianza 2000, Celtel 2001, na mwishoni mwa 2003 ikatoka Nokia 1100, yenye tochi kichwani na vitufe vilivyofunikwa kuzuia vumbi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Gemu ya nyoka ilikuwa ndani. Tofauti na gemu ya matofali, simu ilikuwa na mwenyewe, naye alilipia kuichaji dukani kwa mwenye sola au betri ya gari, hivyo mdogo wake alicheza kwa kuomba, kwa zamu na kwa muda mfupi. Watu wanaikumbuka nyoka kwa upendo mkubwa. Nadhani upendo huo ni wa simu kuliko wa gemu.

Vibanda vya PlayStation 2 vilivyofuata nguzo za umeme vina watetezi wa kutosha na walalamikaji wa kutosha.

Imebaki habari ya kuhifadhi. Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inavitambua kama malikale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango ya kuchongwa inapata ulinzi ikiwa ni ya kabla ya 1940. Ganda la plastiki la miaka ya 1990 halimo, wala halitaingia karibuni. Wakati huohuo mafundi wa zamani wanazeeka, wajukuu wanasafisha vibanda, na maboksi yanachomwa moto nyuma ya nyumba. Plastiki ikiungua haiachi hata gae.

Kwa hiyo msomaji wa Hombolo Bwawani, Makulu, Ihumwa, Kikombo, au wewe uliyehamia mjini na mzee wako bado yuko huko: ukiikuta gemu ya namna hii, usiikarabati wala kuisafisha kutu. Andika kwenye karatasi ilinunuliwa wapi, mwaka gani, kwa shilingi ngapi na nani waliicheza, uifunge pamoja nayo. Na kama ina nyaya mbili zinazotoka nje, usizikate.