Anayerudi Hupewa Ardhi ya Mdomoni mwa Mto



Katika mkutano uliopita swali moja lilichukua saa mbili na halikuisha. Familia sita za wanachama ziliomba mabati ya kujengea nyumba kule chini, kando ya Ziwa Kivu, upande wa Kalehe. Mweka hazina alisema feza iko. Komite haikukubali na haikukataa. Tulisema kwanza tuandike historia ya ile ardhi, tuisome pamoja, kisha turudi kwenye mabati. Ndiyo sababu ya maandishi haya.

Viwanja ambavyo familia zile zinaviomba viko kwenye delta. Neno hili wengi wetu tulilisikia shuleni, tukadhani ni jambo la Misri na mto Nile, au la watu wa pwani ya bahari. Kumbe tunalo hapa. Mto ukitoka mlimani kwa nguvu unabeba udongo, mchanga na mawe. Ukifika ziwani nguvu inakwisha, unatua mzigo. Mwaka kwa mwaka ule mzigo unakuwa ardhi tambarare, nyeusi, yenye rutuba, inayoingia ndani ya ziwa kama ulimi. Hiyo ndiyo delta. Tukumbuke basi kwamba ile ardhi nzuri haikuwepo pale tangu mwanzo. Ililetwa na mto, na mto haujamaliza kazi yake.

Sisi wa Lwiro tuko juu, chini ya msitu wa Kahuzi. Kijito chetu, Lwiro, kinashuka hadi Ziwa Kivu. Maji ya Kivu yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, yanashuka karibu mita 700 hadi kwenye tambarare ya Uvira, yanaingia Ziwa Tanganyika kwa delta kubwa kati ya Uvira na Bujumbura, na kutoka pale yanapitia mto Lukuga kwenda mto Kongo na bahari. Kwa hiyo mtu anayelima Katana na mtu anayevua Kavimvira wanakunywa maji yaleyale. Hata sambaza tunazokula hapa na bugari, ukoo wake ulitoka Tanganyika: zilipandikizwa katika Kivu mwishoni mwa ukoloni, kati ya 1958 na 1960.

Historia ya delta ya Ruzizi ni ndefu kuliko ya wazungu, lakini wao ndio walioiandika. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi kuona kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Waliona inaingia. (Wavuvi wa pale walikuwa wanajua hilo siku zote, ni wazi.) Miaka ile Tanganyika ilikuwa inapanda. Mwaka 1874 Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga akakuta njia ya maji imezibwa na majani na udongo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizibo kilivunjika na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ardhi nyingi ikaonekana pembeni mwa ziwa, watu wakaikalia. Tena kuanzia mwisho wa 1961 mvua ilinyesha Afrika Mashariki yote bila kiasi, na mwaka 1964 Tanganyika ikapanda sana. Ikashuka tena, watu wakarudi kando ya maji. Halafu ikapanda kuanzia 2020, na mwaka 2024 kiwango kilikaribia kile cha 1964. Nyumba za Uvira zilizo karibu na maji ziliingiliwa, na ng'ambo kule Gatumba, Burundi, mtaa baada ya mtaa ulizama.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mafuriko ni kitu kipya kabisa, tutamkatalia. Mtu akituambia kwamba mafuriko yalikuwako siku zote, kwa hiyo tutulie, huyo pia tutamkatalia. Ziwa linapanda na kushuka. Ila zamani likipanda lilikuta mashamba na vibanda vya wavuvi. Siku hizi linakuta mji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipopita katikati ya Uvira, ulikuta nyumba zimebanana hadi kwenye kingo zake. Watu zaidi ya 40 walikufa, na makumi ya maelfu walibaki bila nyumba.

Sasa tuulize: nani aliwaweka watu pale? Jibu moja linasema ni ujinga wa watu, hawasikii. Tumelisikia hata katika mikutano ya watu wakubwa. Sisi hatulikubali, na hapa ndipo historia ya kwetu Kabare na Kalehe inatusaidia.

Zamani katika Bushi na Buhavu, mtu alipata ardhi kwa kalinzi: unatoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa aliye chini yake, unapewa kilima, na watoto wako wanarithi. Asiye na ng'ombe alikuwa anaomba bwasa, yaani kukodi kipande kwa msimu au misimu miwili, na bwasa hairithiwi. Nyumba ya kalinzi ilijengwa juu ya kilima, na bonde likabaki la malisho na mboga. Walijua wanachofanya.

Halafu mwaka 1928 serikali ya wakoloni iliunda Comité National du Kivu, na ardhi kubwa ya milima hii ikaingia mikononi mwake ili igawiwe walowezi. Kwinini, chai na kahawa zikapandwa kwenye vilima vilevile vya kalinzi. Mwaka 1970 Mbuga ya Kahuzi-Biega ikawekwa, kilomita za mraba 600, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi 6,000. Batwa walitolewa msituni bila chochote, na wakulima wengi wakakuta mpaka umepita nyuma ya jikoni. Mwaka 1973 sheria mpya ikasema ardhi yote ni ya serikali, na mwaka uleule mashamba ya wageni yakapewa Wazairwa, maana yake wenye majina Kinshasa na Bukavu. Kwa mtu wa kawaida kilima kilibaki kilekile, kimebadilishwa tu mwenyewe. Juu kuna mbuga, katikati kuna plantasio. Aliyebaki na watoto saba aende wapi? Alishuka chini kwa bwasa.

Halafu vita. Kuanzia 1994 wakimbizi wa Rwanda waliwekwa Kashusha na Inera, karibu kabisa na sisi, na miti ya upande ule ikaisha kwa kuni. Hatuwalaumu, mtu lazima apike. Mwaka 1996 ikawa zamu yetu kukimbia. Wengine katika chama hiki walifika Nyarugusu na Lugufu, Tanzania, wengine walijificha msituni, wengine walizunguka kati ya Bukavu na Goma miaka kumi. Kuanzia 2005 meli zilianza kurudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka. Sote tunakumbuka furaha ya kurudi. Tunakumbuka pia wiki ya pili, ile ya kuuliza: shamba la baba liko wapi? Lilikuwa na mtu. Pengine huyo mtu alikuwa ameliuziwa, ana karatasi, na wewe huna hata kitambulisho. Mwami au shefu hawezi kukuacha barabarani, anatafuta mahali pasipo na mgomvi. Na mahali pasipo na mgomvi ni pale ambapo mto hupita ukikasirika.

Hapo tunafika Bushushu na Nyamukubi. Vijiji hivi viwili vya Kalehe vimekaa juu ya udongo ulioletwa na mito kutoka milima ya juu, kando ya ziwa na kando ya barabara ya Bukavu–Goma. Ndiyo maana vilikua: shamba lenye rutuba, samaki, barabara na soko, vyote mahali pamoja. Mwezi wa Oktoba 2014 mvua iliharibu nyumba zaidi ya 700 katika teritware ile, na watu zaidi ya 130 hawakuonekana. Baada ya hapo watu walijenga tena.

Na hapa lazima tuseme ukweli wetu. Sisi pia tulisaidia kujenga. Katika daftari la chama, mwaka uliofuata, kuna familia tano tulizozipa mabati na misumari. Tulipiga picha, tukawatumia wafadhili, na picha ilipendeza kwelikweli: mabati yanang'aa na ziwa nyuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mto ulipita wapi.

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mvua ilinyesha, milima ikaporomoka, na mito ikaja na mawe makubwa kama vyumba. Maiti zaidi ya 400 ziliokotwa, na watu wengi mpaka leo hawajaonekana. Siku mbili kabla, ng'ambo ya ziwa, Rwanda ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 130. Kati ya zile nyumba zetu tano ilisalia moja. Mama wa nyumba ya tatu alikuwa ametoka kwenda kununua chumvi. Yuko pamoja nasi, anakaa kwa dada yake hapa Lwiro, na ni mmoja wa wale sita wanaoomba mabati.

Tulipomwuliza kwa nini anataka kurudi, alijibu: "Huku juu ninalima kwa watu, jioni wananipa viazi. Kule chini ile shamba ilikuwa yangu. Maji ilibeba nyumba, lakini udongo iliuleta tena." Mkutano ulinyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Je, ile mvua ya Mei ilikuwa kazi ya mabadiliko ya tabianchi? Mwezi wa Juni 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution walijaribu kulijibu swali hilo. Wanajua kwamba hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo mvua kali inakuwa kali zaidi. Lakini kwa Ziwa Kivu walishindwa kupima sehemu ya tabianchi ni kiasi gani, kwa sababu vipimo vya mvua vya upande wetu ni vichache mno. Fikirini hilo. Watu zaidi ya 400 wamekufa, na hakuna daftari la kutosha la mvua la kusema imezidi kiasi gani.

Jambo hili linatuuma zaidi sisi wa Lwiro. Wageni wanaokuja hapa siku hizi wanauliza sokwe tu, wale wa kituo cha nyani, na kweli ni wazuri kutazama. Lakini yale majengo makubwa hayakujengwa kwa ajili ya sokwe. IRSAC iliundwa mwaka 1947 na kufanya Lwiro makao yake makuu, ikawa na kituo cha kupima matetemeko, cha hali ya hewa, na tawi la elimu ya ziwa kule Uvira. Leo ndiyo CRSN. Mvua ya Lwiro ilianza kupimwa na kuandikwa miaka ya 1950. Wazee wetu wengine walifanya kazi mle, wanakumbuka saa ya asubuhi ya kusoma kipimo. Ila kituo kimoja hakitoshi. Milimani mvua inaweza kupiga kilima hiki, na kile cha pili kikabaki kikavu. Vituo vingi nchini vilikufa baada ya uhuru na wakati wa vita, na milima iliyo juu ya Nyamukubi haikuwa na wa kuipimia.

Sasa turudi kwenye mabati. Komite inaleta mawazo mawili, nanyi mtayapima. La kwanza: shamba libaki chini, nyumba ipande juu. Feza ya mabati ya familia sita, pamoja na ile ya likelemba ya mwaka huu, itumike kwanza kutafuta viwanja vya kulala kwenye mgongo wa kilima, vyenye karatasi iliyotiwa saini na shefu, tusirudie bwasa ya mdomo. Tumeuliza bei: haitoshi kwa sita, inatosha kwa watatu. Tunawaandikia wafadhili waziwazi kwamba safari hii hakutakuwa na picha ya mabati yanayong'aa. Kutakuwa na picha ya karatasi.

La pili ni dogo. Tunataka kipima mvua kimoja kule juu ya kijiji, na vijana wawili wa kukisoma kila asubuhi na kupiga simu chini mvua ikizidi. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya vipimo hapa Lwiro amekubali kuwafundisha bila malipo, ila anaomba viatu vya mvua.

Mkutano utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada. Wale sita waje na karatasi yoyote ya shamba waliyo nayo, hata iliyolowa. Tutaamua pia ni watatu gani wataanza, na hapo tunaomba mje na uvumilivu.