Mguu Mpana na Raba za Kukimbilia: Historia Inayomhusu Bi Harusi



Sisi tunaoshona magauni ya harusi hapa Issuna, mkoani Singida, tunawaona sana mabinti wanaoanza kukimbia miezi mitatu kabla ya nikaha. Wiki ya kwanza wana furaha. Wiki ya tatu kidole kidogo kina lengelenge, ukucha wa dole gumba umekuwa mweusi, na bibi zao wanauliza hina itapakwa wapi. Ukitazama raba alizonunua, utakuta ni nyembamba kama kisu. Mguu hauna kosa hapo.

Bibi zetu wa Kinyaturu walitembea peku, au na katambuga za matairi, na vidole vyao vilitanuka kama kipepeo. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Marekani, Phil Hoffmann, alichapisha uchunguzi wake wa miguu ya watu wasiovaa viatu, wakiwemo wa Ufilipino na Afrika ya Kati. Aliona kwamba mguu usiofungwa hupanuka kuelekea vidoleni, na kwamba kiatu ndicho kinachoubana hadi ukafanana na umbo lake. Kwa hiyo tukisikia mtu anaitwa "miguu ya bata", tunajua mguu wake umekua kama ulivyoumbwa.

Viwanda havikujali hilo kwa muda mrefu. Hadi karne ya 19, viatu vingi Ulaya na Marekani havikuwa hata na kulia na kushoto. Katika miaka ya 1920 Charles Brannock wa Syracuse, Marekani, alitengeneza kile chombo cha chuma cha kupimia mguu, urefu na upana kwa pamoja. Fundi wa cherehani angemwelewa haraka. Nani anakata gauni kwa urefu peke yake bila kupima kifua na nyonga? Lakini dukani tunaambiwa "namba 39" tu, na namba hiyo ni urefu. Kampuni ya New Balance, iliyoanzishwa Boston mwaka 1906 ikitengeneza vitu vya kushikilia nyayo, ilitoa mwaka 1960 raba ya mbio iitwayo Trackster, na sifa yake kubwa ilikuwa kupatikana kwa upana tofauti.

Mwaka huohuo, Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alipewa viatu ambavyo havikumkaa vizuri. Akavivua. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku, akakimbia peku kilomita 42 na kushinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:15:16. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena akiwa na viatu. Tokyo hiyohiyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu wa hapa kwetu Singida alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Mtu akikuambia mbio si mambo ya Singida, mwambie hayo.

Na si mambo ya wanaume tu. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) akamshinda, na siku nyingine, alipokuwa amenenepa, akashindwa. Olimpiki ilisubiri hadi 1984 kuwaruhusu wanawake marathoni! Ndiyo maana kwa miaka mingi raba ya kike ilikuwa ya kiume iliyopunguzwa tu. Mguu wetu wengi una kisigino chembamba na mbele pana, hivyo ya kiume inapwaya nyuma. Na mimba, hasa ya kwanza, inaweza kuongeza urefu wa mguu na kushusha tao la unyayo moja kwa moja. Raba za ubinti huenda zisirudi tena.

Ukienda dukani au kwenye mtumba, nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazokimbilia. Toa soli ya ndani, iweke chini, simama juu yake. Nyama ikimwagika pembeni, rudisha hiyo raba. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Angalia herufi ndani ya ulimi wa kiatu, kama ipo: kwa wanawake B ni ya kawaida, D ni pana, 2E ni pana zaidi. D hiyo ndiyo ya kawaida kwa wanaume, kwa hiyo ukikosa ya kike, jaribu ya kiume, ila ukaze kamba vizuri karibu na kifundo ili kisigino kisicheze. Panapobana juu ya mguu, ruka tundu moja la kamba. Usinunue namba kubwa zaidi ili kupata upana: utapata urefu usiouhitaji, na utajikwaa kwenye mawe yetu ya Singida.