Akiba ya Nuru Katika Kiza cha Unguja

Usiku wa tarehe 21 Mei, 2008, taa za kisiwa cha Unguja zilizimika zote kwa pamoja. Watu waliokwisha kuzoea kukosa umeme kwa saa moja au mbili waliwasha mishumaa, wakangoja. Kulikucha umeme haujarudi. Juma likapita, nao haujarudi. Ulirudi tarehe 18 Juni, baada ya majuma manne. Mwaka uliofuata msiba ulirejea kwa ukali zaidi: kiza kilianza tarehe 10 Desemba, 2009, kikaendelea mpaka mwezi wa Machi, 2010. Ni miji michache iliyopata kuulizwa kwa muda mrefu hivyo swali lililo jepesi kwa kulisikia na zito kwa kulijibu: mtu aweke akiba gani nyumbani mwake kwa siku ambayo umeme wa watu wote umekatika?

Asili ya msiba ule ilikuwa chini ya bahari. Tangu mwaka 1980 Unguja ilipata umeme wake kutoka bara kwa njia moja tu ya waya, iliyolazwa baharini baina ya Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, na Ras Fumba. Kabla ya hapo mji uliwashwa kwa mitambo ya dizeli. Waya ulikuwa neema, kwa maana ulileta umeme mwingi bila moshi. Lakini neema iliyoning'inia kwenye uzi mmoja huondoka uzi ukatikapo. Hapakuwa na mtambo wa akiba wa kukitosheleza kisiwa. Pemba, ambayo wakati ule haikuunganishwa na waya huo, ilibaki na mitambo yake ya dizeli, na kiza kile hakikuifikia.

Kilichopotea hakikuwa nuru peke yake. Maji ya mji wa Unguja huvutwa visimani kwa pampu za umeme, kwa hiyo mifereji ilikauka, na ndoo zikarudi vichwani. Samaki hawakuweza kuwekwa katika barafu. Mafundi waliotegemea mashine walikaa bila kazi. Uchunguzi wa mwanauchumi Alfredo Burlando, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa watu waliofanya kazi kwa umeme walipungukiwa na saa za kazi, na kwamba watoto ambao mimba zao zilikuwa changa wakati wa kiza cha mwaka 2008 walizaliwa na uzito uliopungua. Basi kiza cha majuma manne kiliacha alama katika miili ya watu ambao hata hawajakiona.

Katika shida hiyo watu walirudia vyombo vya wazee wao. Kibatari, kandili na karabai vilitolewa stoo, vikapanguswa vumbi. Kandili ni chombo cha hali ya chini, lakini ni mwalimu mzuri, kwa kuwa kila aliyeitumia alijibu maswali matatu kabla ya magharibi: mafuta yatatoka wapi, yatawaka kwa saa ngapi, na moshi utakwenda wapi? Maswali hayo matatu ndiyo mizani ya kila chombo cha akiba kilichobuniwa baadaye. Wanaokosea katika kuchagua, aghalabu hukosea kwa sababu wameuliza bei na ukubwa, wakasahau matatu hayo.

Umeme wa kuchukulika una umri mkubwa kuliko wengi wadhanivyo. Alessandro Volta wa Italia alitengeneza betri yake mwaka 1800, na Gaston Planté wa Ufaransa akavumbua betri ya risasi na asidi mwaka 1859. Hiyo ya Planté ndiyo iliyoweza kujazwa tena baada ya kwisha, na ndiyo mama wa betri za magari mpaka leo. Injini nayo ilipunguzwa umbo kidogo kidogo, hata mwaka 1965 kampuni ya Honda ikatoa jenereta yake iitwayo E300, ya wati 300 hivi, iliyoweza kubebwa kwa mkono. Tangu hapo mwenye nyumba aliweza kuwa na mtambo wake mwenyewe, kama alivyokuwa na kandili yake.

Mwaka 2008 jenereta ndiyo iliyokuwa jibu la wenye uwezo. Mahoteli na maduka ya Mji Mkongwe yaliwasha jenereta usiku na mchana. Swali la kwanza la kandili, mafuta yatatoka wapi, lilijibiwa kwa fedha ya kila siku. Swali la tatu ndilo lililokuwa gumu. Moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini. Jenereta haifai kuwashwa ndani ya nyumba, wala barazani, wala chini ya dirisha; yataka kuwekwa uwanjani, mbali na kila mlango. Lakini katika vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kubanana, uwanja uko wapi? Nuru ya jirani mmoja ilikuwa moshi na kelele kwa jirani wa pili.

Jibu jingine lilikuwa likikua mbali. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za lithiamu, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Leo masanduku ya betri hizo huuzwa yakiwa na matundu ya kuchomekea vyombo vya nyumbani. Hayana moshi wala kelele. Betri ya risasi ya wati-saa 1,200 huwa na uzito wa kilo 25 au zaidi, na si vema kutumia zaidi ya nusu ya nguvu yake. Ya lithiamu ya kiasi hicho hicho huweza kuwa na nusu ya uzito huo, na karibu nguvu yote hutumika.

Hapo ndipo swali la pili, la saa ngapi, linapohitaji hesabu. Sanduku la wati-saa 500, likiondolewa sehemu inayopotea katika kugeuza umeme, hubakiwa na 425 hivi. Taa nne za wati 5 zitawaka humo kwa saa 21; jokofu dogo linalokula wati 50 kwa wastani litaendeshwa kwa saa 8 na nusu; birika la wati 1,500 litalimaliza kwa dakika 17, kama sanduku halikulikataa tangu mwanzo. Jokofu pia, linapoanza kuzunguka, huvuta nguvu mara kadhaa ya wastani wake, na sanduku lisilohimili mvuto huo hujizima. Paneli ya jua ya wati 100 huweza kurudisha wati-saa 400 hivi kwa siku ya jua kali, lakini katika mawingu ya masika hurudisha kidogo sana. Basi mwenye hekima huhesabu haja zake kwanza, ndipo aende dukani.

Msafiri naye ana mizani iyo hiyo, ila yeye huibeba mabegani. Apigaye kambi Kibo, katika mita 4,720 za mlima Kilimanjaro, hupata baridi inayodhoofisha betri, na betri ya lithiamu haifai kujazwa ikiwa imeganda. Kwa hiyo wapanda mlima hulala nazo ndani ya mifuko yao ya kulalia. Aendaye kwa ndege hufungwa na sharti jingine: betri ya akiba isiyozidi wati-saa 100 huruhusiwa katika mzigo wa mkononi, ya zaidi ya hapo mpaka 160 yataka idhini ya shirika la ndege, na iliyozidi 160 abiria hasafiri nayo.

Mwaka 2013 waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi baina ya bara na Unguja, kwa msaada wa Marekani. Kiza kirefu kikawa hadithi, na kandili zikarudi stoo. Wahenga walisema akiba haiozi; lakini akiba ya umeme huoza. Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika, na betri ya risasi iliyoachwa tupu hufa. Chombo cha akiba chataka kujazwa, kuwashwa na kujaribiwa hata wakati wa neema, nayo ni kazi ngumu kuliko kununua, kwa sababu nuru ikiwapo watu husahau. Unguja ilikumbushwa mara mbili katika miaka miwili, na mara ya pili kiza kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza.