Wiki isiyo na siku saba

Leo tuweke pembeni stori za boom na foleni ya mgahawa, tupige historia kidogo. Ukimwambia Mswahili neno wiki, anahesabu Jumamosi mpaka Ijumaa. Kumbe kuna wiki nyingine iliyotoka Hawaii, na kule maana yake ni haraka. Mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu yaliitwa Wiki Wiki, na programa mmoja wa Marekani, Ward Cunningham, alipopita pale jina likamkaa kichwani.

Tarehe 25 Machi 1995 Cunningham alifungua tovuti aliyoiita WikiWikiWeb. Hakuwa na mpango wa kubadilisha dunia. Alitaka maprograma wenzake waandike mbinu walizozijua kutokana na kazi, zile ambazo hazimo vitabuni. Shida ilikuwa kwamba miaka ile kuweka kitu kwenye intaneti kulikuwa shughuli pevu: ujue alama za HTML, uwe na neno la siri la seva, au umtumie mwenye tovuti halafu usubiri apate nafasi. Mtu mwenye ujuzi lakini hana muda anaishia kunyamaza.

Sasa angalia ujanja wake, maana hapa ndipo penye utamu. Programu yake ndogo, aliyoiandika kwa Perl, iliweka kitufe cha kuhariri kwenye ukurasa wenyewe. Ukibonyeza, unaletewa maandishi matupu ndani ya kisanduku. Aya mpya? Ruka mstari. Kiungo? Unganisha maneno mawili au zaidi kwa herufi kubwa, mfano ChaiYaRangi, mashine inajua yenyewe. Na kama ukurasa huo haujaandikwa bado, pembeni ya neno inatokea alama ya kuuliza. Mimi alama hiyo naipenda kuliko vyote. Mtu unataja jambo usilolijua vizuri, unaacha kiulizo, anapita mwingine anayelijua anakibonyeza na kuanza kuandika. Ni kama desa linalozunguka hosteli nzima, kila chumba kikiongeza kipande chake, isipokuwa hili halipotelei kwa yule jamaa aliyesema "nakurudishia kesho".

Miaka mitano baadaye, Machi 2000, Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Nupedia, ensaiklopidia ya bure iliyoandikwa na wataalamu. Kila makala ilipita hatua saba za ukaguzi. Mwenye kumbukumbu za kufukuzia sahihi za idara anaelewa matokeo yake: mpaka inafungwa mwaka 2003, makala zilizokamilika hazikufika hata 30. Mwanzoni mwa Januari 2001 rafiki wa Sanger, Ben Kovitz, alimweleza habari za wiki wakiwa wanakula, na tarehe 15 mwezi huo huo Wikipedia ikazaliwa, kama uwanja wa pembeni wa kuilisha Nupedia. Mwaka haujaisha, mtoto alikuwa na makala kama 20,000.

Mwanzoni walitumia programu ya UseModWiki, na zile herufi kubwa zikaanza kuleta kero. Ukitaka ukurasa wa neno moja, tuseme Zanzibar, ilibidi uliharibu kwa kupachika herufi kubwa mahali pasipo pake. Clifford Adams, mwenye programu hiyo, akaongeza mabano mawili ya mraba mwaka 2001, na mabano hayo bado yanatumika.

Lakini mlango ulio wazi haumchagui mgeni. Mei 2005 mtu alimwandikia mwandishi wa habari mkongwe John Seigenthaler wasifu wa uongo, ukimhusisha na mauaji ya akina Kennedy. Ulikaa zaidi ya miezi minne bila mtu kuufuta! Na hiyo ni Wikipedia ya Kiingereza, yenye macho mengi kuliko zote. Kwenye Kiskoti mambo yalikuwa mabaya zaidi: Agosti 2020 iligundulika kwamba makala zaidi ya 20,000 ziliandikwa na kijana wa Kimarekani ambaye lugha hiyo haijui. Alianza utotoni, kwa nia njema tu, na kwa miaka hakuna aliyemshika mkono. Wanaoisema lugha yao walikuwepo, ila kwenye kuhariri hawakuwepo.

Na sisi je? Kiswahili hakikuchelewa hata kidogo. Mwaka 1994, kabla ya wiki ya Cunningham, Martin Benjamin alianzisha pale Yale kamusi ya Kiswahili ya kwenye mtandao iliyokusanya maneno kutoka kwa watumiaji. Wikipedia yetu ilifunguliwa 2003, na Ndesanjo Macha, mmoja wa mabloga wa mwanzo wa Kiswahili, alikuwa kati ya waliohimiza watu waandike. Halafu 2009 Google wakaleta shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zawadi laptop na simu. Makala zikamiminika kwa mamia. Shindano lilipokwisha, wengi walikwenda zao, si unajua tena sisi na vya bure.

Waliobaki ni wachache, na wamefanya kazi kubwa mno, tuseme ukweli. Hata kata za Tanzania zina kurasa zao, maelfu. Ila fungua ya kwenu uone: jina la kata, wilaya, mkoa, idadi ya watu kwa sensa, basi. Gulio halimo, shule haimo, mzee aliyechimba kisima cha kwanza hayumo. Chini pameandikwa kwamba makala hii bado ni mbegu, na kitufe cha kuhariri kiko pale pale juu.